Mabilioni ya wawekezaji tunayasikia kila siku. Ndani kinabaki nini?

#1 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Karibu kila nchi inayoendelea ina siku zake za kukata utepe. Waziri huyu hapa, mwekezaji yule pale, nyuma yao bango lenye namba kubwa: mtaji dola milioni kadha, ajira elfu kadha. Kesho yake namba ile ile iko kurasa za mbele, na sisi mitandaoni tumeshagawana kambi. Hawa wanalia tumeuzwa, wale wanashangilia uchumi unapaa. Naleta uzi huu kwa sababu naona kambi zote mbili zinagombea namba isiyojibu swali la maana.

Ile ya kwenye bango kwanza ni ahadi. Na hata ikitimia, sehemu kubwa ya huo mtaji huingia ikiwa ni mashine zilizonunuliwa huko huko nje, au ni mkopo ambao kampuni mama imempa mwanawe kwa riba, na riba hiyo itakuwa inatoka nchini kila mwaka kabla hata faida haijahesabiwa. Vitabuni vyote hivyo vinasomeka uwekezaji kutoka nje. Swali langu ni moja: mgeni akishalipia vipuri alivyoagiza, riba ya mama yake, ada ya kutumia nembo na gawio la wenye hisa, ndani kinabaki nini?

Chukueni Costa Rica. Mwaka 1996 Intel ilitangaza kwamba itajenga huko kiwanda cha kuunganisha na kupima chipu za kompyuta. Nchi wakati ule haikuwa na watu milioni nne. Kufikia 1999 kampuni hiyo moja ilikuwa inabeba zaidi ya theluthi ya bidhaa zote zilizouzwa nje, na ukuaji wa pato la ndani ukaruka. Lakini waliokitoa kiwanda hicho kwenye hesabu waliona uchumi uliobaki unatembea kwa mwendo wa kawaida tu. Vipande vya chipu vilikuwa vinaingia kwa ndege, vinaunganishwa, vinatoka kwa ndege. Kilichodondoka njiani ni mishahara, umeme na huduma chache.

Hapa kuna mtego wa takwimu ambao hausemwi sana. Pato la ndani linahesabu kila kinachozalishwa ndani ya mipaka, mwenye mali awe nani. Kuna hesabu nyingine inayoondoa kinachowaendea wenye mali walioko nje, tuiite pato la wenyeji. Mkichelewa kutofautisha haya mawili mtaishia kama Ireland ya 2015, iliyotangaza kukua kwa asilimia 26 ndani ya mwaka mmoja kwa sababu kampuni kubwa za kimataifa zilihamishia hakimiliki zao kwenye vitabu vya pale. Sehemu kubwa ya ukuaji huo haikutokana na kujenga wala kulima zaidi. Mpaka ikabidi ofisi yao ya takwimu itengeneze kipimo kingine cha kuchuja hayo mambo. Na Ireland ni tajiri, ina watu wa kuchuja.

Naendelea baadaye, mwenye hoja ashushe.

#2

Nimekaa pale mkuu. Endelea, usituache njiani kama nyuzi nyingine.

#3

Mleta mada unazunguka mbuyu. Nchi hizi hazina mtaji, hazina teknolojia, hazina soko. Mgeni asipokuja, madini yanabaki udongo na vijana wanabaki vijiweni. Vietnam ilikuwa maskini wa kutupwa baada ya vita. Walifungua milango 1986, mwaka uliofuata wakatunga sheria ya uwekezaji wa kigeni, 2007 wakaingia Shirika la Biashara Duniani, Samsung akaja kujenga viwanda vya simu. Leo wanauza nje mpaka nchi tajiri zinalalamika. Walipokuwa wanamkaribisha mgeni hakuna aliyekaa kuuliza "kinabaki nini".

#4 (mleta mada)

Mkuu #3, Vietnam siibezi. Umaskini umeshuka kweli na mishahara ya viwandani imelisha familia nyingi. Ila wenyewe wanauliza swali langu hili hili, tena kila mwaka. Zaidi ya asilimia 70 ya mauzo yao ya nje yanafanywa na kampuni za kigeni. Viwanda vya wazawa vinavyoziuzia hizo kampuni vipuri vya maana ni vichache, vingi viko kwenye vifungashio, usafi na chakula cha wafanyakazi. Simu inayotoka imebeba skrini na chipu zilizoingia jana. Kwa hiyo ukisikia mauzo ya nje ya mabilioni, toa kwanza kilichoagizwa ili kuyatengeneza.

Sasa linganisha na Bangladesh, kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Miaka ya sabini Korea Kusini ilikuwa inauza nguo nyingi mno kwa nchi tajiri, zikawekewa ukomo wa idadi chini ya mkataba wa nguo na nyuzi wa 1974. Kampuni ya Kikorea ya Daewoo ikatafuta nchi ambayo ukomo wake bado haujaguswa. Mwishoni mwa miaka hiyo ikaingia makubaliano na kampuni ya mzawa wa Bangladesh iliyoitwa Desh. Kwa maana ya mtaji, Daewoo haikuweka kitu kikubwa. Ilichofanya ni kuwachukua wafanyakazi 130 wa Desh na kuwapeleka kwenye kiwanda chake Busan, wakakaa miezi wakijifunza kila kitu: kukata, kushona, kukagua ubora, kupanga oda, kuongea na mnunuzi.

Walirudi, kiwanda kikaanza 1980. Halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ndani ya miaka michache 115 kati ya wale 130 walikuwa wameshatoka, wengine wameanzisha viwanda vyao, wengine wamechukuliwa na wazawa wenye hela waliotaka kuingia kwenye biashara hiyo. Kwa Desh ilikuwa maumivu. Kwa nchi ilikuwa ndiyo shule ya ufundi yenye faida kuliko zote. Leo zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya Bangladesh ni nguo, na sehemu kubwa ya viwanda hivyo ni mali ya wenyeji.

Na kuna kitu serikali ilifanya ambacho hakina utepe wa kukata. Iliruhusu kitambaa kiingie bila ushuru na kukaa kwenye ghala la forodha mradi kitoke kikiwa nguo, na ikaruhusu mwenye kiwanda atumie hati ya benki ya mnunuzi wa nje, yaani ahadi ya malipo, kufungulia hati nyingine ya kununulia kitambaa. Yaani fundi asiye na senti mfukoni lakini mwenye oda mkononi aliweza kuanza kazi. Karatasi mbili za benki na forodha zilizaa wenye viwanda kuliko hotuba zote.

Sisemi pale ni peponi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliwaangukia mafundi, wakafa zaidi ya 1,100. Mwenye jengo alikuwa mzawa. Uzawa peke yake si dawa.

#5

Ngoja niseme kitu kutoka jikoni. Nimefanya miaka sita idara ya manunuzi ya kampuni moja ya kigeni, jina naliacha. Watu wanadhani mgeni hanunui kwa wazawa kwa dharau. Mara nyingi si dharau, ni mfumo.

Makao makuu yana orodha ya wauzaji walioidhinishwa dunia nzima. Bei imeshakubaliwa kwa matawi yote kwa pamoja. Mimi nikitaka kununua katoni tu, katoni za kufungia mzigo, natakiwa nimwombee muuzaji mpya kibali: cheti cha ubora, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ziara ya mkaguzi kutoka nje, sampuli kwenda maabara. Gharama zote juu yake, na oda hajaahidiwa. Akifaulu, malipo ni baada ya siku 90. Mwenye kiwanda kidogo anakopa benki kwa riba ya kunyonga ili atukopeshe sisi, kampuni yenye hela kuliko benki yake.

Kwenye ripoti ya mwaka tulikuwa tunaandika kwamba tunanunua sana ndani. Ukweli ni kwamba hesabu hiyo ilikuwa na mafuta ya magari, ulinzi, kodi ya nyumba za mabosi na bima. Na mawakala! Mzawa mwenye ofisi ya chumba kimoja anaagiza bidhaa nje, anatuuzia, basi tumenunua ndani.

#6

#5 umenikumbusha mambo. Hilo la wakala mwenye chumba kimoja ndilo limeua sheria nyingi za maudhui ya ndani, zile zinazotaka kampuni za kigeni zinunue kwa wazawa. Sheria inauliza kampuni imesajiliwa wapi, haiulizi bidhaa imetengenezwa wapi. Halafu ukijaribu kuuliza la pili unagongana na mkataba wa TRIMs wa Shirika la Biashara Duniani, unaokataza kumlazimisha mwekezaji atumie bidhaa za ndani. Nchi tajiri zilitumia masharti hayo hayo zilipokuwa zinapanda, kisha 1995 ngazi ikavutwa juu.

#7

Mbona mnakwepa kodi? Hapo ndipo pesa ilipo.

#8 (mleta mada)

Sikwepi, nilikuwa naisogelea. Zambia inatosha kwa mfano.

Migodi ya shaba ilibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya tisini, bei ya shaba iko chini na serikali imebanwa na wadeni. Ukiuza kwenye hali hiyo huna sauti. Mikataba ikatoka na mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikali, wa asilimia 0.6 na vifungu vya kuzuia kodi isibadilishwe kwa miaka mingi. Kisha bei ikafumuka, kutoka chini ya dola 2,000 kwa tani hadi kupita 8,000 mwaka 2006. Mgodi ule ule, shaba ile ile, ila faida ikapita juu ya kichwa cha hazina. Mwaka 2008 wakavunja mikataba kwa sheria, wakapandisha mrabaha na kuweka kodi ya faida ya ghafla. Mwaka huo huo bei ikaporomoka na msukosuko wa dunia, na 2009 kodi ile ikaondolewa. Yaani waliingia na mwavuli mvua inakatika.

Lakini mrabaha unaonekana. Kisichoonekana ni bei za kuuziana ndani ya ukoo. Mgodi unamuuzia ndugu yake aliyeko nje kwa bei nafuu, ndugu anauza kwa bei ya soko, faida inazaliwa kule kodi ilikolala. Ndiyo maana takwimu za Zambia kwa miaka mingi zimeonyesha Uswisi kama mteja mkubwa wa shaba, na meli ya shaba haiendi Uswisi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Zambia ilimaliza kesi ya mgodi wa Mopani kuhusu mauzo yake kwa Glencore, kampuni mama yake ya Uswisi, na mamlaka ya kodi ikashinda. Kesi ilihusu mauzo ya miaka zaidi ya kumi nyuma. Hebu fikiria mkaguzi wa kodi wa nchi maskini, mshahara wake, na jeshi la wanasheria walio upande wa pili.

Jambo hili halina rangi wala bara, kwa njia. Kwa miaka mingi chanzo kikubwa kuliko vyote cha uwekezaji wa kigeni India kilikuwa Mauritius, kisiwa chenye watu milioni moja na kidogo. Mkataba wa kodi wa 1983 ndio uliofanya pesa za dunia, zikiwemo za Wahindi wenyewe, zipitie pale zikavae koti la mgeni. Waliurekebisha 2016.

#9

Na hii misamaha ya kodi ya miaka kumi inayotangazwa kama chambo, inasaidia?

#10 (mleta mada)

Wawekezaji wakiulizwa wanachoangalia, kodi haiongozi. Wanaanza na utulivu wa nchi, umeme, bandari, soko, na kama sheria ya leo itakuwepo kesho. Aliyekuja kwa ajili ya madini hana pa kwenda kwingine, madini hayahami, huyo msamaha ni zawadi tu. Aliyekuja kwa ajili ya mafundi wa bei rahisi kodi inamgusa kiasi, na huyo ndiye atakayeondoka msamaha ukiisha.

Na sasa kuna jipya. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makundi makubwa ya kampuni, yale yenye mauzo ya kuanzia yuro milioni 750 kwa mwaka. Mantiki yake: ukimsamehe mkubwa huyo, nchi nyingine inaweza kukusanya kile ulichokiacha. Yaani unakuwa umesamehe kwa niaba ya hazina ya mwenzako.

#11

Mimi nasema mikataba mibovu ichanwe tu. Nchi huru!

#12

Taratibu kiongozi. Kuchana karatasi kuna bili yake. Mwekezaji akiwa analindwa na mkataba kati ya nchi yake na yako, haendi mahakama yako, anaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, mara nyingi ICSID iliyo chini ya Benki ya Dunia. Pakistan ilikataa kutoa leseni ya uchimbaji wa shaba na dhahabu kule Reko Diq. Mwaka 2019 ikaamriwa kulipa karibu dola bilioni 5.9 ikijumlisha riba. Mgodi wenyewe ulikuwa haujajengwa. Sehemu kubwa ya fidia ni faida ambayo mwekezaji angeipata kama ungejengwa. Mwisho wakakaa mezani na mradi ukafufuliwa kwa ubia.

Kichekesho chenye machungu: mkataba wa kwanza wa aina hii duniani, mwaka 1959, uliwekwa saini na Ujerumani Magharibi na nani? Pakistan. Afrika Kusini, Indonesia na India wameshaanza kufuta au kuandika upya ya kwao, wakisubiri muda wake uishe. Hiyo ndiyo namna ya kuchana.

#13

Mbona hakuna aliyeitaja Indonesia na nikeli? Januari 2020 walipiga marufuku kusafirisha mawe ghafi. Anayetaka nikeli ajenge mtambo wa kuyeyushia pale pale. Umoja wa Ulaya ukawashtaki Shirika la Biashara Duniani, 2022 jopo likasema Indonesia imekosea, Indonesia ikakata rufaa. Na chombo cha rufaa kimekufa tangu Desemba 2019 kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa majaji. Rufaa imekaa hewani, mitambo inaendelea kuyeyusha. Mauzo yao ya bidhaa za nikeli yamepanda mara nyingi zaidi ya enzi za mawe.

#14 (mleta mada)

Nakubali nusu. Mauzo yamepanda, ajira zimekuja, mnyororo umesogea mbele. Ila mitambo mingi ni ya kampuni za China, imekuja na misamaha mirefu ya kodi na inaendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe. Tumerudi kwenye swali la mwanzo. Halafu tusisahau Indonesia ndiyo mzalishaji namba moja wa nikeli duniani. Mwenye asilimia mbili ya soko akipiga marufuku, mnunuzi anavuka barabara tu.

Anayenivutia zaidi ni Botswana. Hawakupiga marufuku kitu. Walikuwa na ubia wa nusu kwa nusu na kampuni ya almasi ya De Beers kwenye Debswana, kampuni ya migodi ya huko, na kila mkataba ulipofika ukingoni walikaa mezani na kuomba kitu kimoja zaidi. Mkataba wa 2011 ukaleta hata mauzo ya almasi ya kundi zima kutoka London hadi Gaborone. Mkataba uliosainiwa 2025 unaongeza sehemu ya almasi ambayo serikali inaiuza yenyewe, kuelekea nusu. Shida yao ni nyingine: almasi za maabara zimeshusha bei, na uchumi ulisinyaa 2024. Ukipika vizuri chungu kimoja, bado ni chungu kimoja.

#15

Kuna wimbo kwamba Afrika haiuzi chokoleti Ulaya kwa sababu ya ushuru mkubwa kwenye bidhaa zilizosindikwa. Naomba tuuzime. Nchi maskini zaidi zinaingia soko la Ulaya bila ushuru wala ukomo tangu 2001, isipokuwa silaha. Ghana na Côte d'Ivoire nazo zina mikataba yao. Kinachokwamisha ni umeme, vifungashio, maziwa, mtaji wa kushikilia mzigo miezi mingi, na rafu za maduka ambazo zimeshakaliwa na majina makubwa. Ushuru ukiwa sifuri na umeme ukikatika mara tatu kwa siku, bado huuzi.

#16

Pesa za kwenye soko la hisa na hatifungani je? Nazo ni uwekezaji kutoka nje.

#17

Hizo ni ndege wa kuhama. Ziko siku ya neema, hazipo siku ya dhiki. Uliza Thailand, Julai 1997, pesa hizo zilipokimbia na sarafu ikaporomoka. Kiwanda angalau hakibebeki usiku mmoja.

#18

Narudi, mimi wa manunuzi. Mtu kaniuliza pembeni kama katika miaka sita niliwahi kumwingiza mzawa yeyote mwenye kiwanda halisi. Mmoja, wa katoni.

Alikuja mara ya kwanza na sampuli, nikamwonea huruma, nikampa fomu. Akapotea. Akarudi baada ya miezi minane na vyeti nusu. Makao makuu wakasema hapana, bei ya kundi ni nafuu kwa asilimia nne. Nikamrudishia sampuli yake. Halafu mwaka ule meli zikavurugika, kontena letu la katoni likakaa bandarini ugenini wiki tano, mzigo uko tayari hauna pa kufungiwa, na faini ya kuchelewesha mteja inahesabiwa kwa siku. Bosi mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Yule jamaa wa katoni namba yake unayo?"

Alileta siku ya tatu. Zile fomu zilizochukua miezi minane zilisainiwa mchana mmoja. Nikalinganisha katoni yake na sampuli niliyokuwa nimeikataa, maana alinirudishia ile ile ikiwa na mwandiko wangu juu yake. Hakuna kilichokuwa kimebadilika.